Zebaki Ile Iliburura Mkia

Mwanangu,

Barua yako niliisomea barazani baada ya alasiri, nikaikunja, nikaikunjua tena. Umeniuliza: ikiwa wataalamu wa CERN, ile maabara ya fizikia kule mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wameigeuza madini ya risasi ikawa dhahabu, je, yule mgeni aliyemjia babu yako na chupa ya zebaki alikuwa mwongo, au alijua jambo kabla ya wakati wake?

Alikuwa mwongo. Lakini si uongo wake unaoniuma.

Kisa unakijua anavyokisimulia shangazi yako, tangu vikuku vya nyanya hadi boti ya alfajiri. Shangazi hakuwamo katika kiwanda cha usonara cha babu. Mimi nilikuwamo, nina miaka 11, navuta mivukuto. Mgeni alimimina zebaki kwenye chungu cha kuyeyushia, akanyunyiza unga wake mwekundu, akasema tuvukute. Moshi ulipokwisha ikabaki tembe ya manjano, kubwa kama punje ya mtama. Babu akaisugua kwenye jiwe, akaitia tindikali, alama isifutike. Dhahabu safi. Babu yako alikuwa akipima robo ya tola, kipimo cha uzito cha masonara, mkono umetulia kabisa. Siku ile niliuona ukimtetemeka.

Siri yenyewe ilikuwa nyepesi. Dhahabu huyeyuka ndani ya zebaki kama sukari ndani ya chai. Ukiichoma, zebaki hupanda hewani (nayo ni sumu, na sote tuliivuta), dhahabu ikabaki chini. Ilikuwamo chupani tangu mwanzo. Na mimi niliiona, mwanangu. Alipomimina, niliona zebaki ile nzito, inaburura mkia nyuma yake. Zebaki safi hukimbia, hujikusanya vidonge vidonge, haiachi mkia. Hayo alinifunza babu mwenyewe. Nikafungua mdomo, nikamtazama, nikaufumba. Mtoto hasemi mbele ya mgeni. Jioni ile vikuku vinne vya nyanya na vipuli vyake, tola 9 kwa jumla, vikatiwa mkobani mwa yule mtu ili akavizidishe, na alfajiri akapanda boti ya Mokowe.

Tangu hapo nasoma. Babu alikuwa na neno lake ambalo nami nimelishika: moto haugeuzi asili. Moto husafisha, hulainisha, huunganisha, asili haugeuzi. Na ni kweli. Atomu ina kiini katikati, na kinachoamua hii ni nini ni hesabu ya protoni, chembe ndogo zilizomo katika kiini hicho: dhahabu 79, zebaki 80, risasi 82. Moto wetu na tindikali zetu hugusa elektroni tu, chembe zinazokizunguka kiini kwa nje, kama upepo unavyopeperusha buibui bila kumfikia aliyelivaa.

Lakini nikishasema hivyo najipinga mwenyewe. Mwaka 1919 mwanafizikia Rutherford alitangaza alichokiona alipoipiga nitrojeni kwa chembe za alfa, ambazo ni viini vya heli, na baadaye ikaeleweka kilichotokea. Nitrojeni ina protoni 7, alfa ina 2, jumla 9. Moja ikaruka nje, zikabaki 8, na 8 ni oksijeni. Hesabu ya dukani kabisa. Kisha mwaka 1941, kule chuo kikuu cha Harvard, Marekani, watu waliipiga zebaki kwa nyutroni za kasi, chembe za kiini zisizo na umeme, wakapata dhahabu. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikaenda kusimama bandarini mpaka magharibi. Zebaki, ile ile! Nikajiuliza kama nimemlaani mtu bure miaka yote.

Nikarudi kukimalizia kitabu. Nyutroni ikiingia katika kiini cha zebaki huweza kuifukuza protoni moja, 80 ikawa 79. Ila dhahabu waliyoipata ilikuwa ya mnunurisho, yaani kiini chake hakitulii. Ndani ya kiini chake nyutroni moja hujigeuza protoni, 79 ikarudi 80, zebaki tena. Kuna aina yake ambayo nusu nzima hugeuka hivyo kwa siku zisizotimia 3. Kikuku gani hicho cha kumvika mke?

Na hao wako wa CERN walivipitisha viini vya risasi karibu karibu, kwa kasi inayoikaribia ya mwanga, bila kugongana. Nguvu ya umeme iliyo baina yao ikang'oa protoni 3. Kati ya 2015 na 2018 walitoa viini vya dhahabu kama bilioni 86, na vyote pamoja uzito wake ni sehemu 29 za gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Havikudumu hata kwa kupepesa jicho. Basi asili hugeuka, nakubali. Hata mwilini mwako sasa hivi iko potasiamu inayogeuka kalisi, bila kuambiwa na mtu. Lakini moto haugeuzi asili, hilo siliachi.

Shangazi yako husema babu aliingiwa na tamaa, na mara nyingi nimekaribia kumkubalia. Kisha nakumbuka kwamba mwezi ule ami yako alitakiwa apelekwe Mombasa kutibiwa, na pesa hazikuwapo. Nakumbuka pia kwamba alipima kama sonara apasavyo kupima, na jiwe halikumdanganya. Aliyeuona mkia wa zebaki alikuwa mtu mmoja tu mle ndani. Kama yuko wa kulaumiwa... hapana, sitalimaliza neno hilo, ingawa liko mdomoni.

Ile tembe mgeni alituachia. Nyanya yako alikataa katakata isiyeyushwe, na mpaka leo imo katika kijaluba chake cha tambuu. Ukija Maulidi nitakupa uishike. Uje na mizani, maana miaka yote hii sijaipima.

Babako