Nusu saa ya bata mzinga ndiyo nusu saa ya ibada

Ibada ya Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, yaani Thanksgiving, ikifanywa nyumbani huharibikia jikoni. Chakula kimeshapakuliwa, mchuzi unaanza kuganda, watoto wamekodolea macho mapaja ya bata, ndipo baba anafungua Biblia. Hapo kila mtu anangoja amina tu. Dawa yake iko kwenye bata mwenyewe: akitoka kwenye oveni anatakiwa kupumzika dakika 20 hadi 30 kabla ya kukatwa, la sivyo maji ya nyama yanamwagika kwenye ubao na kifua kinabaki kikavu. Katika nusu saa hiyo hakuna wa kula. Ibada iwekwe hapo, na ratiba nzima ihesabiwe kurudi nyuma kuanzia hapo.

Kwa familia zetu zilizoko Marekani, ambako sikukuu huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, hesabu huanza Jumapili mkirudi kanisani. Bata wa paundi 14, yaani kilo 6 na ushee, anatosha watu 10 hadi 12 kama kuna pilau pembeni. Akiwa ameganda, huyeyuka ndani ya friji kwa siku moja kila paundi 4 hadi 5, kwa hiyo huyu anataka siku 3 hadi 4. Mweke kwenye trei yenye kingo, rafu ya chini kabisa, damu isije ikadondokea mboga. Ukimkumbuka Jumatano jioni, usimwache mezani usiku kucha: nyama ya nje inapata joto na vijidudu vinazaliana huku ndani bado ni barafu. Mzamishe kwenye maji baridi akiwa ndani ya mfuko wake, badilisha maji kila dakika 30, na hesabu nusu saa kwa kila paundi. Hapo ni saa 7 za kusimamia sinki, na akishayeyuka apikwe papo hapo.

Jumatano usiku mtoe shingo na kile kifuko chenye firigisi na maini. Mara nyingi kifuko kimefichwa upande wa shingo, na wapishi wengi hukigundua wakati wa kukata. Usimwoshe, maana maji yanarusha vijidudu kwenye sinki nzima. Mfute kwa karatasi za jikoni. Chumvi ya mezani ni nusu kijiko cha chai kwa kila paundi, lakini soma kwanza lebo. Bata wengi wa dukani wameshadungwa maji ya chumvi, na hao wape kidogo tu. Tangawizi, kitunguu saumu na siagi vipitishe chini ya ngozi. Kitunguu saumu kikikaa juu ya ngozi kinaungua na kuwa kichungu.

Alhamisi oveni iwe nyuzi 325 za Fahrenheit, sawa na 163 za Selsiasi. Bata wa paundi 14 asiyejazwa mkate tumboni huchukua saa 3 hadi 3 na dakika 45. Akiingia saa 4 asubuhi, anza kumpima saa 7 mchana. Rangi ya ngozi hudanganya, na kile kidude cha plastiki kinachochomoza kifuani kuashiria ameiva usikitegemee peke yake. Nunua kipimajoto cha nyama, kichome penye unene wa paja bila kugusa mfupa, kisha kifuani: kote kisome nyuzi 165 za Fahrenheit. Akipumzika, oveni inakuwa wazi, na hapo viazi na mboga vinapata moto. Msipite saa 8 na nusu kabla ya kukaa mezani.

Simu za nyumbani zipigwe bata akishaingia tu. Saa 4 asubuhi New York ni saa 12 jioni Nairobi na Dar es Salaam, na saa 11 jioni Bukavu, Kigali na Bujumbura. Ukiwa Houston, ongeza saa moja. Ukingoja mshibe, saa 10 jioni, unamwamsha bibi usiku wa manane.

Sasa ibada yenyewe. Desturi ya kuzunguka meza kila mtu akisema anashukuru nini ina kasoro moja: wa kwanza anasema familia, afya na chakula, na waliobaki wanarudia. Jaribuni Zaburi 136. Ina mistari 26, na kila mstari unaishia na itikio lile lile, "kwa maana fadhili zake ni za milele." Ni maneno saba tu, hata mtoto wa miaka minne anayeongea Kiingereza kutwa nzima anayashika kabla hamjafika mstari wa tano. Kijana anayesinzia kwenye simu apewe kazi ya kusoma.

Msomaji asimame mwisho wa mstari wa 24. Hapo familia iingize mistari yake, mmoja mmoja, kwa mtindo ule ule. "Aliyetupa karatasi za ukaaji mwezi wa tatu." Wote: kwa maana fadhili zake ni za milele. "Aliyemrudisha shangazi kutoka chumba cha upasuaji." Wote tena. Masharti ni mawili: liwe jambo la mwaka huu, na liwe na jina au siku. Mtu akisema "afya", muulizeni ya nani. Wadogo waulizwe jana yake, wasije wakaganda mbele ya wageni. Kisha malizieni mstari wa 25, unaomtaja Mungu anayewapa chakula wote wenye mwili, na wa 26. Wimbo mmoja, sala fupi, basi. Mahubiri yana Jumapili yake.

Nyumba yenye msiba isilazimishwe kuchangamka. Aliyefiwa asome mstari wa 23 peke yake, unaosema Mungu alitukumbuka katika unyonge wetu. Hata Rais Lincoln wa Marekani alipotangaza siku hii kitaifa mwaka 1863, nchi ilikuwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Watoto watarudi na hadithi ya shule kuhusu karamu ya Plymouth ya mwaka 1621. Wamalizieni: Wawampanoag, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wapatao 90 na mkuu wao Massasoit walikula siku tatu na wahamiaji Waingereza ambao karibu nusu yao walikuwa wamekufa majira ya baridi yaliyotangulia, na vizazi vilivyofuata viliwanyang'anya wenyeji hao ardhi. Tangu 1970 wapo wenyeji wa asili wa Marekani wanaokutana Plymouth siku hiyo kuomboleza. Mtoto wa mkimbizi huielewa habari hii upesi kuliko mnavyodhani.

Mkialika familia mpya, ulizeni mapema kama wana usafiri, kwa kuwa mabasi hupungua siku hiyo. Jirani Mwislamu aambiwe wazi kuwa kutakuwa na ibada, na bata aagizwe kwa mchinjaji wa halali wiki mbili kabla. Angalieni pia maharage mabichi, ambayo Wamarekani hupenda kuyapika na vipande vya nguruwe. Anayefanya zamu Alhamisi, kama wengi wetu kwenye maghala na nyumba za wazee, afanyiwe Jumamosi bila kuona haya.

Walawi 7:15 iliagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile, isibaki hata asubuhi, na njia rahisi ya kutii ilikuwa kuita watu wengi. Sisi tuna friji. Nyama itolewe mifupani na kuingia humo ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vya kina kifupi ili ipoe haraka, iliwe ndani ya siku 3 hadi 4. Nunueni vyombo vya plastiki vya bei ndogo kabla ya sikukuu, mgeni asiondoke mikono mitupu wala na bakuli lenu zuri. Mifupa ibaki kwenu: ichemsheni Ijumaa na tangawizi, na supu hiyo ndiyo ipikie pilau ya Jumamosi.