Mitutu miwili au bolti? Kwa wanaoanza kuwinda wanyama wakubwa

Wengi wakianza tu wanaitaka ile ya mitutu miwili na nawaelewa, bunduki ni nzuri hata kuitazama, ila kabla hujamwaga hela nisikilize kidogo.

Sifa yake ni risasi ya pili. Ni kama bunduki mbili kwenye kitako kimoja, kila mtutu una triga yake na mtambo wake, kawaida triga ya mbele ni ya mtutu wa kulia na ya nyuma ni ya kushoto, yaani ukishapiga unarudisha tu kidole unapiga tena, hukoki chochote. Mtambo mmoja ukigoma bado unao mwingine. Nyati aliyejeruhiwa akikutokea kichakani hatua kumi hapo hamna mjadala, ndo maana wawindaji bingwa wengi wanaomlinda mteja wanaipenda. Ila zikiisha mbili zimeisha, ndo unaona wengine wanabana risasi mbili za akiba katikati ya vidole vya mkono wa kushoto.

Kitu wageni hawaambiwi ni kwamba ile mitutu fundi ameiunganisha kwa kufuata risasi maalum, uzito wake na kasi yake. Mfano .470 Nitro Express, risasi ya greini 500 (kama gramu 32) inayotoka kwa futi kama 2,150 kwa sekunde. Ukiweka aina nyingine mtutu mmoja unaweza kupiga huku na mwingine kule, kwa hiyo usinunue ya mtumba bila kuijaribu mitutu yote kwa risasi utakazotumia kweli. Na bei... tuiache.

Bolti sasa, yaani bunduki ya mtutu mmoja unayoikoki kwa mkono kila risasi, unavuta komeo (bolti) nyuma na kulisukuma mbele. Zile za mtindo wa Mauser 98, bunduki ya Kijerumani, zina ukucha mpana unaodaka risasi ikitoka tu magazini na kuishikilia mpaka chemba, hata bunduki ikilala upande haidondoki. Unabeba tatu au nne, darubini inakaa vizuri, ukimwona mnyama mita 150 unampiga bila wasiwasi. Chukua ya risasi ya .375 H&H (Holland & Holland), ipo tangu 1912 na nchi nyingi za Afrika ndo kima cha chini kwa wanyama hatari.

Ugonjwa wake unakuja ukiwa na presha: mtu anavuta bolti nusu, anaisukuma, risasi mpya haijapanda, anavuta triga anasikia klik. Aisee usiombe! Fanya mazoezi na risasi bandia zisizo na baruti, bunduki ikiwa begani, jicho kwenye shabaha, vuta bolti mpaka mwisho kwa nguvu kama unataka kuivunja, usiibembeleze. Na usizoee kupiga ukiwa umekaa mezani tu, porini utapiga umesimama, bunduki ukiiegemeza kwenye fimbo tatu zilizofungwa pamoja juu, kwa hiyo mazoezi mengi yawe hivyo hivyo, risasi chache kwa siku maana ukianza kuogopa teke la bunduki begani utakuwa unafumba macho kabla ya kufyatua.