Changarawe Zangu Ziko Wapi? Kwa vijana wa fildi mnaoanza na udongo wa graniti

Juzi asubuhi niliingia maabara nikakuta mlangoni pamekauka. Wiki nzima mvua ya Moshi ilikuwa imetugeuza vyura, tunaruka tope kwenda na kurudi, na sasa pametandazwa changarawe safi, nyeupe, inametameta. Nikauliza ni nani huyo Mungu ambariki. Kijana wa fildi, koti lake la maabara bado lina mikunjo ya dukani, akanyoosha mkono. "Ni mimi, mzee. Yale mabaki ya kwenye chungio."

Nilivuta kiti nikakaa. Mabaki ya kwenye chungio! Sikumfokea, maana ningemfokea ningekuwa mnafiki, na sababu mtaiona huko chini kwenye namba nne. Lakini kila mwaka mnakuja wapya, na kila mwaka mnafanya yale yale, kwa hiyo leo nayaandika nibandike ukutani.

1. Weusi wa kule si weusi wa huku. Wengi wenu mmekulia Kibosho, Marangu, Tengeru, Usa River. Kwenu udongo mweusi maana yake ni kihamba, shamba la nyumbani: majivu na lava za Kilimanjaro na Meru, ukichomeka kijiti kinachipua. Sasa zikifika sampuli za nyasi za mlimani kutoka Nyika, kaskazini mwa Malawi, mnafungua mfuko, mnaona weusi, mnaandika "rutuba nzuri" kabla hata sampuli haijakauka. Uwanda ule uko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kilele chake Nganda kinafika mita 2,605, na sehemu kubwa umekaa juu ya graniti. (Jina lisiwadanganye. Nyika yetu ni joto na miiba, Nyika ile ukiamka umande umeganda.)

Weusi wa pale umeletwa na baridi. Mizizi ya nyasi inakufa kila mwaka, vijidudu vinaozesha kwa uvivu, mboji inarundikana. Ukiuliza mwamba umechangia nini, jibu ni kidogo sana. Graniti ni madini matatu: kwatsi, feldispa na ulanga. Kwatsi inabaki mchanga, haimpi mmea kitu. Feldispa ikioza inaacha mfinyanzi wa kaolini, ambao hauna mikono mingi ya kushika virutubisho. Kalsiamu na magnesiamu zilikuwa haba tangu mwanzo, na kilichokuwapo mvua imeteremka nacho bondeni. Kwa hiyo pH, kipimo cha uchachu, ikisoma 5, msikimbilie kusema mita imeharibika. Mnasafisha elektrodi mara tatu, mnabadilisha bafa, mnanipigia simu usiku. Mita ni nzima. Udongo ndivyo ulivyo, na chini ya 5.5 alumini nayo inaanza kutoka kusumbua mizizi.

Na kwenye kuainisha, moliki na umbriki, majina mawili ya tabaka jeusi la juu, ni mapacha. Rangi ile ile, unene ule ule. Kinachowatenganisha ni besi, yaani sehemu ya ile mikono iliyoshika kalsiamu, magnesiamu na wenzake, juu au chini ya asilimia 50, na hilo jicho halilioni hata likiwa jicho la profesa. Subirini maabara.

2. Tumieni vidole. Lowesha donge, lisugue karibu na sikio. Udongo wetu wa majivu unateleza kama sabuni, halafu ghafla unatoa maji. Wa graniti unakwaruza, unausikia kabisa, krr krr. Sekunde kumi, bila umeme.

3. Walkley-Black, kile kipimo cha kaboni, ikigeuka kijani mara tu mnapomimina asidi, dikromati (kemikali ya rangi ya chungwa inayokula kaboni) imekwisha. Punguzeni sampuli, rudieni. Msititreti kitu kilichokwisha kufa.

4. Changarawe. Haya, hapa ndipo penye kidonda.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, najiona fundi. Tulipewa kazi ya kupima akiba ya kaboni katika sentimita 20 za juu za udongo wa kule kule. Nilikwenda na ringi za chuma za sentimita za ujazo 100, nikazipigilia kwa nyundo, nikarudi na ringi 36 nimezikumbatia kama mayai. Nikakausha kwa nyuzi 105, nikapima uzito, nikachunga kwa chungio la milimita 2. Kilichopita nikakipeleka kupimwa kaboni. Kilichobaki nikakimwaga nyuma ya jengo, kwenye shina la mparachichi. Kwa nini? Kwa sababu tangu nianze kazi nilikuwa nimepima udongo wa mashamba ya kahawa ya huku tu, ambao ukichunga kinachobaki ni mzizi na kikonyo. Mkono ulishazoea kumwaga.

Sasa fuateni hesabu, nitumie ringi moja ya mfano. Uzito mkavu wote gramu 140. Mimi nikasema densiti, gramu kwa kila sentimita ya ujazo, ni 1.40. Kaboni ya udongo laini asilimia 4. Zidisha 4 kwa 1.40 kwa zile sentimita 20, unapata tani 112 kwa hekta. Tamu! Lakini katika zile gramu 140, 53 zilikuwa changarawe za kwatsi, hazina kaboni hata ya dawa. Udongo laini ulikuwa gramu 87 tu ndani ya ujazo ule wa 100. Rudia: 4 kwa 0.87 kwa 20, karibu tani 70. Nilikuwa nimeipa graniti kaboni tani 42 kila hekta, mfukoni mwangu mwenyewe.

Na sikugundua mimi. Niliiwasilisha, ukumbi wa hoteli Arusha, tai shingoni, grafu za rangi. Mama mmoja mtafiti, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye milima ya graniti, akanyoosha mkono kwa upole kabisa. "Mwanangu, changarawe mlipata asilimia ngapi?" Nikafungua daftari. Nikalifunga. Nikalifungua tena, kana kwamba mara ya pili kingeota humo kitu. Nikasema nitamletea jibu baada ya chai. Chai ikapita. Hadi leo nikinywa chai ya hotelini yenye tangawizi nyingi nasikia lile swali.

Niliporudi Moshi, mzee aliyekuwa mkuu wa maabara hakupandisha sauti. Alisimama chini ya mparachichi, mikono nyuma, akaniuliza: "Changarawe zangu ziko wapi?" Nilipiga magoti nikaanza kuokota. Aliniacha niokote karibu robo saa ndipo akaniambia niache, kwani hata nikizipata zote, nani atajua ipi ilitoka ringi ipi?

Nikarudishwa. Hakukuwa na gari safari hiyo. Basi hadi Mbeya, gari dogo hadi mpakani Kasumulu, Karonga, Rumphi, juu. Ringi nimezifunga kwenye mataulo ndani ya begi la nguo, na afisa wa forodha akazitoa moja moja mezani akiuliza hivi vikopo visivyo na matako ni vya biashara gani. Nilimweleza. Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuwa nimeipata hata kwa mama yangu.

Kwa hiyo: kinachobaki kwenye chungio kinapimwa, kinaandikwa, kinafungwa kwenye mfuko wenye namba ile ile ya sampuli. Na pale ringi isipoingia kwa mawe, msilazimishe nyundo. Chimbeni kishimo, tandikeni nailoni, jazeni maji yaliyopimwa, huo ndio ujazo wenu.

5. Hidromita, ile ya kuelea majini kupima mchanga na mfinyanzi: unguzeni mboji kwanza kwa peroksaidi, la sivyo mfinyanzi mtakaousoma ni wa kubuni. Na sekunde 40 za kusubiri kusoma ni 40, siyo mpaka umalize kujibu meseji.

6. Kibali cha kuingiza udongo nchini kishughulikiwe kabla ya safari. Mmenielewa.

Nilitaka kufika kumi, lakini nimeinua kichwa na kumwona yule kijana kupitia dirishani. Amechuchumaa mlangoni na brashi na sinia. Anaokota zile nyeupe, na vipande vyeusi vya lava ya kwetu anavitupa pembeni, kimoja kimoja, wala hakuna aliyemwelekeza. Nilitoka nikamkumbusha kwamba sampuli zilikuwa 24 na sinia aliyoshika ni moja.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza basi la Mbeya linaondoka saa ngapi.