Sumu ya nge, misuli na moyo
Ndugu, umeuliza inakuwaje nge amchome mtoto kidoleni kisha moyo ndio uelemewe. Sumu ya nge mwekundu wa India huzuia milango ya sodiamu (vinjia vidogo vinavyopitisha chembe za sodiamu) iliyo kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, isijifunge, hivyo neva hutuma ishara mfululizo: misuli hurukaruka, na mwili humwaga adrenalini (homoni ya mshtuko) nyingi mno, mishipa ya damu ikabana, shinikizo la damu likapanda, na moyo ukachoka hata mapafu yakajaa maji. Mtoto hutokwa jasho jingi huku mikono na miguu ikiwa baridi, akakohoa povu la waridi. Huko Maharashtra, jimbo la India, daktari Himmatrao Bawaskar alionyesha kwamba prazosini, dawa inayolegeza mishipa ya damu, huokoa wengi. Kwa hiyo tafadhali msipoteze muda kuchanja jeraha, mkimbizeni hospitali.