Je, "mkavu" ni mtu asiye na hisia za ndani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko Nyegezi, Mwanza. Niliandika uhakiki wa mchezo wa kuigiza wa kikundi chetu, nikasema dada aliyecheza mjane ni "mkavu", kwa sababu kilio chake hakikutugusa. Amenuna mpaka leo. Je, nilikosea neno? Lipi linafaa kwa hisia ambazo hazijazama?

JIBU: Marahaba. Ulikosea, na ana haki ya kununa. Mtu mkavu, masikioni mwa wengi, ni mwenye macho makavu: anafanya la aibu na bado anakutazama usoni. Wewe ulitaka kusema juu ya uigizaji, ukajikuta umesema juu ya tabia yake. "Kavu" ikikaa kwenye kitu haina ubaya huo, kama tunaposema salamu kavu. Ikimkalia mtu ndipo inapobeba utovu wa haya. "Baridi" nayo isingekusaidia, maana mtu baridi ni asiyechangamkia wenzake, na pengine moyoni amejaa tele.

Neno unalolitafuta ni "juujuu". Huzuni ya juujuu, mapenzi ya juujuu, pole ya juujuu. Ukieleza namna tendo lilivyofanyika, sema "kijuujuu": aliomboleza kijuujuu. Liandike kama neno moja. Ila tafadhali usilisogeze karibu na roho. "Roho juu" ni wasiwasi, kama alionao mama wa Kirumba anayengoja mtumbwi wa mwanawe upepo ukiwa umechafuka ziwani. Huyo hisia zake zimezama kabisa. Wala usidhani kinyume cha juujuu ni "chinichini". Hilo ni la mambo ya siri. Kinyume chake ni "-a dhati", au "-enye kina".

Hilo la kina nalipenda kuliko yote, na ninyi wa Mwanza mna mfano wake mlangoni. Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko yote Afrika kwa eneo, lakini kina chake hakifiki mita 100. Tanganyika ni jembamba, na kina chake kinapita mita 1,400. Kilio nacho kinaweza kuenea ukumbi mzima kikawa hakina kina, na mwigizaji mwingine akanyamaza tu, watu wakatoa leso. Kwa hiyo "hisia zisizo na kina" ni sahihi pia, na ina upole zaidi kuliko "juujuu", ambayo huweza kusikika kama unamtuhumu mtu kuwa hakujali.

Mwombe radhi mwenzako, kisha ubadilishe sentensi. Mtaje mhusika, usimtaje yeye, na uonyeshe ni wapi hasa. Kwa mfano: "Mjane alilia kwa sauti kubwa, lakini huzuni yake haikuwa na kina, hasa pale alipokunja shati la marehemu kama anayekunja nguo yoyote."