Maswali ya Wasomaji: Mashine ya Kahawa Imezima, Haiwaki Hata Taa

Safari hii tunajibu maswali kuhusu mashine za kahawa zinazojiendesha zenyewe, zile zinazosaga buni, kuchemsha maji na kumimina kikombe kwa kubonyeza kitufe kimoja.

SWALI: Mashine yetu ina miaka minne. Umeme ulikatika usiku, uliporudi asubuhi mashine haikuwaka hata taa moja. Fundi aliitazama dakika tano akasema bodi (bamba lenye vifaa vya umeme) imeungua, na bodi mpya inakaribia bei ya mashine nzima. Nina mita ya kupimia umeme na bisibisi. Nianzie wapi? – Msomaji, Moshi

JIBU: Aliyesema bodi imeungua bila kupima amekisia tu. Mashine isiyoonyesha taa yoyote imekatikiwa umeme mahali fulani kati ya soketi ya ukutani na ile sehemu ya bodi inayotengeneza volti 5 za taa na vitufe. Ufuate umeme kutoka ukutani kwenda ndani, bila kuruka hatua.

Chomeka pasi au birika la umeme kwenye soketi hiyohiyo. Chaja ya simu haitoshi kwa jaribio hili, kwa sababu inakula umeme kidogo mno na itafanya kazi hata pale mguso wa ndani umelegea. Pasi ikipata moto, fungua plagi ya mashine. Mashine ya wati 1450 kwenye volti 230 huvuta ampea 6.3 hivi, kwa hiyo fyuzi ya ampea 10 au 13 ndiyo yake. Ya ampea 3 iliyotolewa kwenye plagi ya redio haitadumu. Toa fyuzi iliyomo uipime kwa mita. Kwa macho huwezi kuona kilichokatika ndani ya kauri. Plastiki ikiwa imegeuka kahawia karibu na pini ya laini (waya unaoleta umeme), skrubu ililegea: kata kipande cha waya kilichoungua, menya upya na ukaze vizuri.

Mashine ibaki imechomolewa mpaka mwisho wa kazi. Pima kila waya wa kebo kutoka pini hadi mwisho wake huku ukiikunja kunja pale inapoingilia mashine. Waya hukatika hapo ndani ya ganda ambalo kwa nje ni zima kabisa.

Kinachofuata husahauliwa na wengi: swichi ndogo za usalama za mlango, trei ya maji machafu na droo ya machicha. Kwenye mashine nyingi mlango usipobonyeza swichi yake, kila kitu huzimwa. Unga wa kahawa na maziwa yaliyokauka huganda kwenye kitufe cha swichi, au ule ulimi wa plastiki wa mlangoni unaokibonyeza huvunjika. Bonyeza swichi kwa kijiti cha mbao na usikilize “tiki”. Mita ionyeshe kuunga ukibonyeza na kukata ukiachia. Safisha kwa pamba yenye spiriti. Bei ya swichi yenyewe haifiki hata nusu kilo ya buni.

Kama bado, fungua mwili wa mashine. Skrubu nyingi ni za nyota ya ncha 6, saizi T15 au T20. Baadhi zina kichwa cha yai na zinahitaji kifunguo chake, usizitafune kwa koleo. Piga picha kila waya kabla ya kuuchomoa. Subiri dakika 10, kisha usiguse bodi kabla ya kupima kapasita zake kubwa, vile vifaa vinavyohifadhi chaji: kwenye umeme wa volti 230 hujaa mpaka volti 325, na ikiwa kitu kimekatika bodini zinaweza kukaa na chaji hiyo kwa muda mrefu. Ukikuta volti, zimalize kwa rezista (kifaa kinachozuia kasi ya umeme) ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyoshikwa kwa koleo lenye mpira. Usitumie bisibisi.

Pima swichi kubwa ya kuwashia, halafu fyuzi iliyo kwenye bodi. Fyuzi ikiwa imekatika na kioo chake ni cheusi kabisa, usiweke nyingine kwanza. Tafuta pembeni yake kidude cha duara bapa, cha buluu au cha njano, kinachofanana na kidonge. Hicho ni varista. Umeme ukirudi kwa kishindo, varista hujitoa mhanga: inashonana ndani, yaani umeme unapita moja kwa moja bila kizuizi, fyuzi inakatika, na vilivyo nyuma yake vinapona. Ikiwa imepasuka, au mita inasoma omu chache tu kati ya miguu yake baada ya kung’olewa, weka mpya yenye maandishi yaleyale pamoja na fyuzi ya ampea zilezile na ya aina ileile. Kwa mashine iliyokufa umeme uliporudi, hapa ndipo tungetazama kwanza tukishaifungua.

SWALI: Nimefika kwenye bodi. Fyuzi na varista ni nzima, lakini kuna rezista moja imekatika na kidude cha miguu saba au minane kina tundu mgongoni. Nikibadilisha rezista, itawaka? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, rezista mpya nayo itakatika mara moja. Rezista hiyo, mara nyingi ya omu 47, ni ya aina inayokatika kama fyuzi kwa makusudi. Imekatika kwa sababu hicho kidude cha nyuma yake kimeshonana. Ni aisii (saketi nzima ndani ya kidude kimoja) ya kushusha volti, na namba yake iko mgongoni. LNK304 na ndugu zake hutumika sana kwenye mashine za kahawa.

Badilisha kundi zima kwa mara moja: aisii, rezista (iwe ya aina ileile isiyoshika moto), kapasita mbili za upande wa volti kubwa, ambazo kwa kawaida ni za maikrofaradi 4.7 na volti 400, kapasita za upande wa volti ndogo, na dayodi ya kasi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) iliyo karibu na koili. Kapasita zote ziwe zilizoandikwa nyuzi joto 105. Kuhusu dayodi, muuza duka atakupa 1N4007 akisema ni zilezile. Sizo. Aisii hiyo huwasha na kuzima mara 66,000 kwa sekunde, na 1N4007 iliumbwa kwa umeme wa mawimbi 50 kwa sekunde; haiwahi kufunga, na aisii mpya itapasuka. Omba UF4005 au nyingine ya kasi kama hiyo.

Kapasita ndiyo chanzo cha kawaida cha msiba huu. Hukaa karibu na boila, hukauka taratibu, na kabla ya kufa mashine hutoa dalili: taa zinafifia, relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inapiga “tiki-tiki-tiki”, kioo kinawaka na kuzima. Anayeziona dalili hizo akabadilisha kapasita mapema hunusuru aisii. Kwa ninyi wa pwani kuna la ziada: hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye miguu ya vifaa. Sugua bodi kwa mswaki na spiriti, ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Angalia pia mende. Wanapenda joto la bodi, na uchafu wao hupitisha umeme.

Onyo ambalo hatutalipunguza makali: kwenye bodi za namna hii, upande wa volti 5 haujatenganishwa na umeme wa ukutani. Mita itasoma volti 5 kati ya nukta mbili, lakini nukta zote mbili zinaweza kukuua. Hakuna kugusa kitu bodini mashine ikiwa imechomekwa, na usiiunganishe na kompyuta.

Jaribio la kwanza lipitishe kwenye balbu. Chukua balbu ya waya ya wati 40 au 60, ile ya kizamani na si ya LED, uifunge mfululizo kwenye waya wa laini. Chomoa waya za hita na uzifunike ncha. Washa. Balbu ikimulika mara moja ikafifia, na taa za mashine zikawaka, kazi imekubali. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna mahali pameshonana, na balbu imekuokolea vifaa ulivyonunua.

SWALI: Yangu taa zinawaka, ila maji hayapati moto. Fyuzi ya joto, ile inayokatika joto likizidi, ilikuwa imekatika, nimeibadilisha mara mbili na zote zimekatika. – Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwanza tuulize ulivyoifunga. Ukiilehemu kwa risasi, joto la chuma cha kulehemu linaikata kabla hujamaliza. Inaunganishwa kwa vibanio vya shaba vilivyokazwa kwa koleo lake, ndani ya soksi nyeupe ya nyuzi za kioo. Tepu ya fundi umeme itayeyuka. Nyuzi za joto zilizoandikwa mwilini mwake ziwe zilezile. Ukiweka ya juu zaidi umeondoa breki.

Kama ulifunga sawasawa, basi hita inawaka bila kuzimwa. Mtuhumiwa wa kwanza ni triaki bodini, kifaa cha miguu mitatu kinachowasha na kuzima hita, mara nyingi kimebanwa kwenye bati. Ing’oe na upime kati ya miguu miwili mikuu, pande zote mbili. Ikisoma omu chache, imeshonana. Wa pili ni kihisi cha joto. Kipime kikiwa baridi, kisha kishike kiganjani: ukinzani ushuke polepole. Usiposhuka, au ukirukaruka, kibadilishe, na kukirudisha upake ute wa kupitisha joto. Pampu isiyovuta maji nayo huikausha boila, hasa ukoko wa chokaa unapoziba njia.

Hita yenyewe, kwa wati 1450 na volti 230, isome omu 36 hivi. Kwa mashine nyingine, zidisha volti kwa volti ugawe kwa wati. Isiposoma chochote imekatika, na kwenye boila nyingi hainunuliki peke yake.

SWALI: Kila nikiiwasha, swichi kuu ya nyumba inaruka. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Tazama inaruka saa ngapi. Papo hapo ukichomeka: varista imeshonana, au waya umegusa bati. Baada ya nusu dakika, maji yanapoanza kupata moto: hita inavujisha umeme kwenye arthi. Pampu inapoanza kunguruma: kuna maji yanadondokea viunganishi vyake, mara nyingi kutoka kwenye oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) iliyokakamaa. Badilisha oringi, paka grisi ya silikoni ya vyombo vya chakula, kausha kwa feni siku nzima kabla ya kujaribu. Hita mwombe fundi aipime kwa kipimo cha volti 500 kati ya ncha zake na arthi. Chini ya megaomu 1 haifai. Mita ya kawaida haiwezi kuona uvujaji mdogo. Usikate waya wa arthi ili swichi iache kuruka. Wapo wanaokushauri hivyo; mwili wa mashine ndio utakaobeba umeme, na mkono wako umelowa maji ya kikombe.

SWALI: Dada ameniletea mashine kutoka Marekani. Nimeichomeka kwa adapta, ikatoa “pwaa” na moshi. – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Adapta ilibadilisha umbo la pini, si volti. Mashine ni ya volti 120. Varista na fyuzi pengine zimeikinga bodi, kwa hiyo zipime hizo kwanza kama tulivyoeleza hapo juu. Ikipona itahitaji transfoma ya kushusha, ile nzito yenye chuma ndani, ya wati 2,000 au zaidi. Vishusha volti vyepesi vya kuingia mfukoni vimetengenezewa pasi na vikausha nywele, vitaua bodi. Hata hivyo pampu yake imepangwa kwa mawimbi 60 na hapa tuna 50, hivyo msukumo wa maji huenda ukawa hafifu. Uliza bei ya transfoma hiyo kabla ya kununua hata fyuzi.