Farasi-bahari akae na nani? Majibu kwa wafugaji wa maji ya chumvi

Tangu nigusie farasi-bahari, maswali yamefuatana, na karibu yote yanauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: nimweke na nani? Nimechagua machache.

Nina tangi la lita 200 lenye samaki wawili wa anemoni na kangaja mmoja. Wanaelewana mwaka wa pili sasa. Naweza kuwaongezea jozi ya farasi-bahari?

Usiwaongezee. Wengi hudhani hatari ni kung'atwa. Mara nyingi farasi-bahari hauawi na jirani, hufa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Mwangalie akila utaelewa. Anajifunga mkia kwenye kijiti, jicho moja linatazama juu, jingine chini, kila moja kwa safari yake. Uduvi unapita. Anauinamia taratibu, anaupima, anaupima tena, kisha unasikia mlio mdogo kama wa kucha ikigonga kioo: ameufyonza kwa ule mdomo wa mrija. Katika muda huo kangaja wako amekwisha kulizunguka tangi mara tatu na hakuna kilichobaki. Na farasi-bahari hana meno wala mfuko wa tumbo wa kuhifadhi chakula. Kinaingia na kupita, kwa hiyo lazima ale mara mbili au tatu kwa siku. Akikosa leo na kesho, anaanza kukonda.

Kuna na joto. Tangi la matumbawe huwa karibu nyuzi 26 za Selsiasi. Farasi-bahari wengi wanaofugwa wanafaa zaidi kwenye 22 hadi 24, kwa sababu maji yakipanda joto bakteria wa Vibrio huongezeka upesi, na hao ndio wauaji wao wakubwa. Anemoni nayo, yule mnyama laini wa minyiri anayeshikamana na mwamba, inachoma, na farasi-bahari hana mbio za kuikwepa. Pezi lake la mgongoni linaweza kupiga hata mara 35 kwa sekunde, lakini mwendo wenyewe ni wa konokono.

Mfungulie tangi lake. Lita 110 hivi zinatosha jozi ya wakubwa, mradi liwe refu kwenda juu, sentimita 45 au zaidi, maana wakipandana huinuka wima pamoja.

Basi hakuna kabisa anayeweza kukaa naye?

Wapo, ila uchague wapole na wasio na haraka ya kula. Konokono ndio wa kwanza: wale wanaokwangua mwani kwenye kioo, na wale wanaojifukia mchangani wakaibuka wakisikia harufu ya chakula. Hao wa pili nawapenda sana, kwa sababu farasi-bahari huacha mabaki mengi na mabaki yakioza amonia, sumu kwa samaki, inapanda. Samaki wadogo wa gobi hawana shida. Samaki kadinali wa Banggai, yule mwenye milia myeusi, naye mtulivu wa kutosha. Kamba wa Lysmata wanafaa wakishakua. Ukimleta angali mdogo kama punje, umeleta chakula cha jioni.

Samaki wa mandarini anapendwa kwa rangi zake, na mpole ni mpole kweli. Lakini anaishi kwa kuokota kopepodi, vijidudu vidogo vya majini jamii ya kamba, mchana kutwa, na farasi-bahari anawawinda hao hao. Katika tangi dogo mmoja wao atakonda.

Kikande, bunju na mkunga hata usiniulize.

Na kaa wadogo wanaobeba makombe?

Mimi niliwahi kuacha mmoja kwa kuwa alikuwa saizi ya ukucha. Akakua. Asubuhi moja nikamkuta ameung'ang'ania mkia wa jike, naye amejifunga kijitini hataki kuachia. Yule jike alipona, kidonda kilichukua wiki kadhaa. Sijaweka kaa tena.

Nataka awe na matumbawe ya kushikilia. Yapi salama?

Matumbawe laini, na gogonia, aina ya matumbawe yenye matawi kama kichaka. Epuka yenye minyiri mirefu inayochoma, na ukiona Aiptasia, vile vianemoni vya kahawia vinavyochipuka kwenye mawe, viondoe mapema. Hata hivyo majani ya plastiki yanamtosha. Yeye anataka cha kujifunga tu. Ndiyo maana hita lazima iwe na kifuniko: akiikuta tupu ataikumbatia na kuungua. Mdomo wa pampu nao uzibe kwa sponji.

Nina wawili waliozaliwa kwa mfugaji. Nimepewa wa tatu, wa spishi nyingine, aliyevuliwa baharini. Niwachanganye?

Hapana. Kila kundi lina vijidudu lililozoea, na kinachobebwa na mgeni bila dalili kinaweza kuwaangusha wenyeji. Samaki-mrija, ndugu yake mwembamba, ana shida hiyo hiyo. Aliyevuliwa pia mara nyingi hajui uduvi uliogandishwa ni chakula, anasubiri kinachotembea. Tena uliza ametoka wapi: farasi-bahari wote waliingizwa katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 2002, na tangu 2004 biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa. Ukinunua, nunua aliyezalishwa kwenye tangi.

Dume langu limevimba tumbo. Ni mimba au ugonjwa?

Mwangalie anavyoelea. Mwenye mimba, na kwa farasi-bahari dume ndiye mbebaji, anaogelea sawa na kushika kijiti kama kawaida, mfuko wake wa kubebea watoto umetuna tu. Ikiwa mkia unapanda juu na anahangaika kushuka, kuna gesi ndani ya mfuko na inabidi itolewe na mtu anayejua.

Kama ni mimba, andaa chombo cha pembeni leo. Watoto wanaweza kuwa mamia, wanatoka mara nyingi alfajiri, na watakaobaki kwenye tangi kubwa wataliwa na kadinali au kunaswa na chujio kabla hujaamka. Anza pia kuangua atemia, uduvi wadogo sana wanaoanguliwa kutoka mayai makavu, kwa sababu watahitaji kula siku hiyo hiyo, na uduvi wa baba yao hauingii mdomoni mwao.